Upele wa Watoto wa Mbwa: Ijue Kwanza Aina ya Utitiri

Ninapoletewa mtoto wa mbwa aliyenyonyoka manyoya, swali langu la kwanza kwa mwenye mbwa huwa ni kama anajikuna, na kama anajikuna, ni kwa kiasi gani. Jibu lake hunielekeza zaidi kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe, kwa sababu ugonjwa tunaouita upele kwa jina moja huletwa na utitiri wa aina mbalimbali, na zile mbili ninazokutana nazo zaidi hazienei kwa njia moja wala hazitibiwi kwa namna moja.

Aina inayowasha ni sakoptesi. Jike lake huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo, na tangu yai hadi utitiri mpevu hupita takriban wiki 3. Mwasho wake ni mkali mno, kiasi kwamba mtoto wa mbwa hukatiza usingizi, huacha chakula ili ajikune, na kingo za masikio, viwiko, visigino na tumbo hujaa vipele vyekundu na magamba ya manjano. Kipo kipimo kidogo ninachokifanya palepale mezani: nalishika sikio kwa vidole viwili, naukunja ukingo wake na kuusugua taratibu, huku nikiutazama mguu wa nyuma wa upande uleule. Mguu ukianza kupigapiga hewani kama wa mbwa anayejikuna, shaka yangu juu ya sakoptesi huongezeka sana. Upele huu huambukiza mbwa wengine kwa kugusana, na watu wanaompakata mgonjwa huweza kutokwa na vipele mikononi na tumboni. Kwa kuwa utitiri huu wa mbwa hauwezi kuendeleza kizazi chake katika ngozi ya binadamu, kwa kawaida vipele hivyo hutoweka mbwa akishatibiwa, lakini anayeendelea kuwashwa amwone daktari wake.

Demodeksi ni habari nyingine kabisa. Huyu ni utitiri mrefu mwembamba anayeishi kwenye mashina ya manyoya, na mbwa wengi wazima wanaye bila kudhurika; mama huwaambukiza watoto wake wanaponyonya katika siku za mwanzo za uhai wao. Ugonjwa hutokea pale kinga changa ya mwili inaposhindwa kumdhibiti akazaliana kupita kiasi. Dalili zake ni mabaka machache yasiyo na manyoya kuzunguka macho, pembeni mwa midomo au kwenye miguu ya mbele, na mara nyingi mtoto hajikuni hata kidogo. Mabaka machache ya namna hii aghalabu hupona yenyewe katika mwezi 1 hadi 2, na ndiyo maana siharakishi kutoa dawa ya kuua utitiri. Natibu minyoo, narekebisha lishe, na naomba nimwone tena baada ya mwezi. Hali hubadilika mabaka yakienea mwili mzima, nyayo zikavimba, ngozi ikatoa usaha na harufu, na tezi zikavimba. Hapo bakteria nao wameingia, na matibabu huweza kuchukua miezi kadhaa. Dawa za steroidi, hata zile za kupaka, hazimfai mgonjwa huyu kamwe, kwani hupunguza kinga ileile ambayo tayari imelemewa.

Ili kuthibitisha, naibana ngozi kati ya vidole ili utitiri upande juu, nakwangua kwa kisu kilichopakwa mafuta hadi damu kidogo ichomoze, kisha naangalia kwa hadubini. Demodeksi huonekana kwa urahisi. Sakoptesi hujificha, na kutomwona hakumwondolei lawama, kwa hiyo dalili zikielekea kwake natibu hata pasipo ushahidi wa hadubini. Fangasi nao huacha mabaka yanayofanana na haya, na ni vyema wachunguzwe kabla ya kuhitimisha.

Dawa za jamii ya isoksazolini zimerahisisha sana kazi hii, kwa kuwa huua utitiri wa aina zote mbili, ingawa kila moja ina umri na uzito wa chini wa kuzingatiwa, na zinahitaji tahadhari kwa mbwa mwenye kifafa. Kwa sakoptesi, selamektini ya kudondoshea mgongoni nayo hufaa. Mbwa wote wanaoishi pamoja watibiwe kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna, na matandiko yao yafuliwe kwa maji ya moto.

Kinachonitia hofu zaidi ni ivamektini ya mifugo, dawa ya kuua vimelea, inayochomwa kwa kukadiria. Katika sindano ya asilimia 1, kila mililita ina miligramu 10 za dawa. Kipimo cha mtoto wa kilo 2 huangukia karibu na sehemu ya kumi ya mililita au chini yake, na bomba la kawaida la sindano halipimi kiasi hicho kwa uhakika. Akizidishiwa huyumba, hutetemeka, hupofuka, hata huzimia na kufa. Mbwa wa ukoo wa koli wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo, nao huweza kudhurika kwa kipimo ambacho wengine hukistahimili. Oili chafu ya injini na mafuta ya taa visipakwe kabisa: huunguza ngozi, na mtoto akijilamba humeza sumu.

Manyoya yakirudi, tafadhali usikatishe tiba ya demodeksi iliyoenea. Mimi hukwangua ngozi kila baada ya wiki 4 na kuacha dawa pale tu vipimo viwili mfululizo visipoonyesha utitiri hata mmoja. Mbwa aliyepata aina hiyo iliyoenea asizalishwe, kwa sababu udhaifu huo wa kinga hurithiwa na watoto wake.