Mwembamba tangu utotoni, njaa haiishi: maswali na majibu

Nakula sahani nzima ya wali, saa mbili haziishi tumbo linadai tena. Mwili nao ndio huu huu, watu wananiuliza chakula napeleka wapi. Ni maradhi?

Si lazima. Wapo waliozaliwa na umbo jembamba. Ukitazama vizuri, baba au shangazi naye yuko hivyo hivyo. Usipimwe kwa macho ya majirani. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 54 na urefu wa mita 1.70 anapata kama 18.7, na kwa mtu mzima kiwango cha kawaida huanzia 18.5. Huyo ni mwembamba, basi. La kuuliza zaidi ni kama uzito umekaa hapo miaka yote au unashuka.

Kwa nini njaa inarudi upesi hivyo?

Tuanze na chai ya asubuhi, maana kwa wengi wetu tatizo limelala hapo. Chai ya rangi yenye sukari nyingi, boflo au maandazi mawili, basi. Vyote hivyo ni wanga na sukari. Huyeyuka haraka, sukari hupanda katika damu, insulini huishusha, na ikifika saa nne unamtafuta muuza kachori. Protini, mafuta na nyuzinyuzi ndizo zinazokawia tumboni.

Kuna pia homoni iitwayo ghrelini, inayotoka tumboni na kuuarifu ubongo kwamba chakula kinahitajika. Hupanda karibu na saa uliyozoea kula, na hupanda zaidi kwa asiyelala vya kutosha. Mvuvi wa dagaa anayekesha baharini, kisha akashinda juani, asishangae njaa yake. Mchumaji karafuu wa Pemba anayepanda na kushuka mikarafuu kutwa naye anachoma chakula kingi; mwili wake unadai haki yake tu.

Nile nini, na mfuko wangu ni mdogo?

Usipunguze wali, uongezee wenziwe: choroko, maharage ya nazi, dagaa, mchicha. Asubuhi, muhogo wa kuchemsha peke yake ni wanga. Ule na samaki wa mchuzi uliobaki jana au yai, utaona unafika adhuhuri bila kuhangaika. Katikati ya mchana, njugu za kukaanga konzi moja zinashinda biskuti. Tui la nazi lina nguvu nyingi, na mwembamba hana sababu ya kulikimbia, isipokuwa ameshaambiwa na daktari kwamba ana mafuta mengi katika damu.

Urojo je? Mimi mwenyewe siuachi. Lakini ukiagiza, ongeza yai na mshikaki, kwa sababu rojo, mbatata na chipsi peke yake vitakuacha na njaa baada ya muda mfupi. Soda na juisi zenye sukari ndizo zisizoshibisha kabisa.

Na mwezi wa Ramadhani?

Usiliruke daku, na ulile karibu na alfajiri. Wali au mkate na maharage, yai, mtindi, maji. Wakati wa futari, tambi za sukari zisiwe ndio chakula chenyewe.

Mama anasema nina minyoo.

Minyoo imesumbua Unguja na Pemba kwa miaka mingi, ndiyo maana watoto wa skuli hupewa dawa. Ila mara nyingi minyoo huondoa hamu ya kula, na huleta maumivu ya tumbo. Safura, aina moja ya minyoo, hunyonya damu, mtu akachoka na macho yakapauka. Njaa tupu si ushahidi. Kapime choo kituoni, kuliko kununua dawa dukani kila mwezi kwa kubahatisha.

Lini niende hospitali?

Unapokula sana na uzito bado unashuka. Ikiwa kuna kiu kali na mkojo wa mara kwa mara, hasa usiku, pima sukari. Wembamba haumkingi mtu na kisukari. Aina ya kwanza huwapata sana watoto na vijana, na wengi wao wembamba. Kipimo cha sukari cha kabla ya kula asubuhi kikifika 7.0 mmol/L au zaidi, daktari atakirudia kuthibitisha. Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari azungumze na daktari kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Moyo ukienda mbio, mikono ikatetemeka, jasho likakutoka na joto likakushinda, huenda tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Damu hupimwa, na dawa zipo.

Na mwenye kiu na mkojo huo akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kusinzia kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.