Je, wajua kwa nini tatizo la ovari hupimwa kwa sukari?

Hedhi inapotea miezi mitatu, ndevu zinaota kidevuni, chunusi haziishi. Mwanamke anakwenda kupimwa, anaambiwa ana PCOS, tatizo la homoni linalogusa ovari, ambalo Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kisha anaandikiwa kipimo cha sukari na cha mafuta ya damu. Ana haki ya kushangaa: ovari na sukari, wapi na wapi?

Zinakutana kwenye insulini, homoni inayoisaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli za mwili ikatumike. Kwa wengi wenye PCOS, hata wembamba (hili husahaulika sana), misuli na ini huwa vizito kuiitikia. Basi kongosho humwaga insulini zaidi na zaidi ili sukari isipande. Ovari nazo hazina uzito huo. Insulini yote hiyo inazifikia, nazo huitikia kwa kutengeneza testosteroni kupita kiasi. Ini nalo hupunguza protini ya SHBG, ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni. Ile isiyoshikwa ndiyo inayootesha ndevu na kuvuruga ukomavu wa yai. Ndiyo maana testosteroni ya jumla inaweza kusomeka kawaida huku SHBG ikiwa chini na dalili zote zipo.

Sasa tazama majibu ya wanawake wawili waliopimwa asubuhi kabla ya kula. Wote sukari yao ni 5.0 (kwa kipimo cha mmol/L), safi kabisa. Lakini insulini ya mmoja ni 6 (kwa kipimo cha µIU/mL), ya mwenzake 18. Kongosho la huyu wa pili linafanya kazi mara tatu ili kupata namba ileile, na karatasi yenye sukari peke yake haisemi lolote kuhusu hilo. Hata hivyo, kupima insulini kwa kila mgonjwa hakushauriwi, kwa kuwa majibu hutofautiana mno kati ya maabara na maabara.

Kipimo ambacho mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unakiona sahihi zaidi, uwe mnene au mwembamba, ni kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2. Chini ya 7.8 mmol/L ni salama. Kuanzia hapo hadi 11.0 sukari imeanza kuelemea mwili, 11.1 na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Kwenye mafuta, angalia trigliseridi iliyopanda na kolesteroli nzuri, HDL, iliyoshuka; mara nyingi huenda pamoja.

Kama uliwahi kupimwa sukari ya kabla ya kula tu, mwulize daktari wako kuhusu hiki cha saa 2. Na kama unapanga kubeba mimba, usingoje: kifanye kabla, kisha kirudiwe kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba.