Je, wajua kwa nini ziwa la mji wa milimani huganda juu, ilhali chini maji yana joto zaidi?

Mgeni anayerudi mara kwa mara katika mji uliojengwa kando ya ziwa, katikati ya milima ya nchi za kaskazini zenye baridi kali, hukuta ziwa jipya kila anapofika. Januari ni uwanja mweupe unaovukwa kwa miguu. Mei, maua yakiwa yamekwisha kuchanua ufukweni, maji bado hayaogeki. Agosti watu wanaogelea hadi jua litue, na Oktoba, alfajiri, ziwa linafuka kama sufuria iliyokaribia kuchemka. Katika mabadiliko hayo yote kuna swali moja ambalo kwa miaka mingi nililijibu kwa uhakika mkubwa, na kwa makosa: Januari, chini kabisa ya ile barafu, maji ni ya baridi zaidi au yana joto zaidi kuliko ya juu?

Nilikuwa nikijibu kwamba ni ya baridi zaidi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maji ya moto hupanda na ya baridi huzama. Hata ushahidi nilikuwa nao: anayeogelea katika ziwa la namna hiyo wakati wa joto, akiacha miguu ining'inie, huhisi kifua kiko katika maji ya uvuguvugu na nyayo ziko katika maji yanayouma. Kosa lenye nusu ya ukweli ndani yake ndilo gumu kung'oka.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Toboa tundu katika barafu, funga kipimajoto kwenye kamba yenye fundo kila baada ya mita moja, kisha ukishushe polepole. Chini tu ya barafu kitasoma karibu na sifuri. Kadiri mafundo yanavyopita mkononi, namba haishuki bali inapanda, hadi inapotulia karibu na nyuzi joto 4 za Sentigredi, na hapo inabaki hadi kipimajoto kinapogusa tope.

Wapo wanaoliondoa kosa hili kwa kuleta jingine. Husema kwamba ardhi ndiyo inayoyapasha maji ya chini joto. Ni kweli kwamba tope la ziwa lisilo na kina kirefu hutunza joto la miezi iliyopita na kulirudisha kidogo kidogo, lakini kiasi hicho hakitoshi kueleza tunachokiona. Wengine husema ziwa huganda juu kwa sababu hewa baridi inaligusa juu tu. Hilo nalo ni kweli, na bado si jibu, kwa kuwa swali linabaki palepale: maji ya juu yakishapozwa na hewa, kwa nini hayazami Januari kama yalivyokuwa yakizama Novemba?

Jibu liko katika tabia moja ya ajabu ya maji. Vimiminika vingi hujikunja na kuwa vizito zaidi kwa ujazo uleule kadiri vinavyopoa, moja kwa moja hadi vigande. Maji hufuata kanuni hiyo mpaka karibu na nyuzi 4, kisha hugeuka na kwenda kinyume. Mita moja ya ujazo ya maji safi yenye nyuzi 4 ina uzito wa kilogramu 999.97, ikipozwa hadi sifuri bila kuganda, inashuka hadi kilogramu 999.84. Tofauti ni gramu kama 130 katika tani nzima, na gramu hizo ndizo zinazoamua sura ya ziwa zima. Yakiganda, uzito huanguka hadi kilogramu 917 hivi, ndiyo maana barafu huelea.

Fikiria ukumbi uliojaa watu wanaocheza kwa fujo, kila mmoja akirusha viwiko. Muziki ukipungua kasi, viwiko hutulia na watu wanaweza kusogeleana; eneo wanalohitaji hupungua. Hivyo ndivyo maji yanavyojikunja yakipoa. Sasa waambie washikane mikono, kila mtu na wenzake wanne, mikono ikiwa imenyooshwa na pembe zikiwa sawa. Hakuna anayerusha kiwiko tena, lakini umbo hilo linadai nafasi kubwa kuliko msongamano wa mwanzo, na ukumbi unajaa kabla watu wote hawajapata pa kusimama. Barafu ni umbo hilo lililokamilika. Karibu na nyuzi 4 mambo mawili yanashindana, kutulia kunakobana na kushikana kunakopanua, na chini ya hapo kushikana ndiko kunakoshinda. Mfano huu usivutwe mbali, hata hivyo: molekuli za maji hushikana na kuachana hata yakiwa moto, na namna hasa zinavyojipanga katika maji yasiyoganda bado ni hoja wanayobishania wataalamu.

Turudi ziwani. Miezi ya majani kupukutika, maji ya juu hupozwa, huwa mazito, huzama, na nafasi yake huchukuliwa na maji ya chini yake ambayo nayo hungoja zamu ya kupozwa. Ni foleni: kila tone hupanda, hutoa joto lake kwa hewa, kisha hushuka. Foleni huendelea hadi ziwa lote, juu hadi chini, liwe na nyuzi 4. Hapo mlango hufungwa. Maji yatakayopozwa zaidi sasa huwa mepesi, kwa hiyo hubaki juu, na tabaka hilo jembamba ndilo linaloganda katika usiku wa kwanza mtulivu wenye baridi ya kutosha. Utulivu ni sharti, kwa kuwa upepo unaweza kulikoroga tabaka hilo na kuchelewesha barafu kwa siku kadhaa.

Barafu ikishatanda, yenyewe pamoja na theluji iliyo juu yake hugeuka blanketi. Katika mji wa St. Moritz, Uswisi, ulio kando ya ziwa lililo mita 1,768 juu ya usawa wa bahari, farasi hushindanishwa juu ya barafu kila Februari, desturi iliyoanza mwaka 1907. Chini ya kwato hizo samaki wanaishi katika maji ambayo kwao ni ya kawaida kabisa.

Katika majira ya kuchipua barafu huyeyuka, maji ya juu hupata joto hadi yafikie uzito wa yale ya chini, na upepo unaweza tena kulipindua ziwa zima, yaani kuchanganya maji ya juu na ya chini. Hapo ndipo mgeni hudanganyika. Hewa inaweza kuwa na nyuzi 25 wakati maji bado hayajafika 10, na anayejirusha humo huvuta pumzi ghafla pasipo kutaka, jambo la hatari kubwa kama kichwa kiko chini ya maji.

Joto likizidi, tabaka la juu hutengana na la chini, na hutengana kwa nguvu kuliko mtu angetarajia. Kati ya nyuzi 4 na 5, mita ya ujazo hupoteza gramu 8 tu za uzito. Kati ya nyuzi 24 na 25 hupoteza gramu 250 hivi. Tabaka la chini hubaki limefungiwa bila hewa mpya, na mahali penye uozo mwingi oksijeni yake huweza kwisha. Ndiyo maana ziwa likipinduka tena mwishoni mwa mwaka, maziwa mengine huchafuka rangi na kutoa harufu ya yai viza kwa siku chache. Ule moshi wa Oktoba nao una asili hiyohiyo ya ziwa kupoa taratibu kuliko mji: usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani na kutuama juu ya maji ambayo bado yana joto la Agosti, na mvuke unaopanda hugeuka ukungu papo hapo.

Si kila ziwa hutii kalenda hii. Ziwa Tahoe huko Marekani, lenye kina cha mita 501, haligandi licha ya theluji nyingi inayoizunguka miji yake. Foleni ni ndefu mno, na baridi huisha kabla haijamalizika. Ziwa Geneva, lenye kina cha mita 310, halichanganyiki hadi chini kila mwaka. Linahitaji baridi kali kama ile ya mwaka 2012. Ziwa Tanganyika, lenye maji ya joto na kina cha mita 1,470 hivi, halichanganyiki lote kabisa, ingawa tofauti ya joto kati ya juu na chini ni ya nyuzi chache tu, na zile gramu 250 zinazopotea kwa nyuzi moja tu katika maji ya joto zinasaidia kueleza kwa nini.

Iko pia hali moja inayonifariji, kwa kuwa humo barafu huanzia chini, kama jibu langu la zamani lilivyodhani. Katika mito yenye kasi, ikiwemo inayoshuka milimani kuingia katika maziwa haya, maji hukorogwa kiasi kwamba hayapati nafasi ya kujipanga kwa uzito. Usiku wa baridi kali yote hushuka kidogo chini ya sifuri kwa pamoja, na barafu huanza kushika kwenye mawe ya chini. Asubuhi jua likipasha maji, vipande vyake hung'oka na kuelea, vingine vikibeba kokoto.