Kwa nini tajiri wa maghala aliitwa mpumbavu, wakati kuweka akiba ni busara?

Kisa kiko Luka 12. Shamba la tajiri mmoja limezaa sana, ghala hazitoshi, naye anaamua kuzivunja ajenge kubwa zaidi, kisha ale, anywe na kustarehe miaka mingi. Usiku huohuo Mungu anamwita mpumbavu: roho yake inatakiwa, na vitu alivyojiwekea vitakuwa vya nani?

Mkulima wa Kongwa au Chamwino, wilaya za Dodoma, akisikia mahubiri hayo ana haki ya kukuna kichwa. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zikikatika katikati, mahindi hukauka yakiwa yamebeba. Wazee wa Ugogo, nchi ya Wagogo, walisimuliwa habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Halafu mvua ikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Kwa nchi yenye historia hiyo, mpumbavu ni yule anayeuza hadi mbegu.

Na Biblia haipingi. Katika Mwanzo 41 Yusufu anatenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, na kwa hilo anasifiwa kuwa mwenye akili. Ghala zake zilikuwa kubwa kuliko za tajiri yeyote. Tofauti ni kwamba Yusufu alikuwa na hesabu ya watu watakaokula. Huyu wa Luka anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mke hayumo, watoto hawamo, vibarua waliovuna hawamo, wala jirani aliyekosa.

Kuna jambo wahubiri wengi huliruka: hatuambiwi kwamba aliiba au alidhulumu mtu. Shamba lilizaa tu. Wala kisa hakisemi kwamba alikufa kwa sababu ya utajiri. Angekuwa na debe mbili za mtama, siku yake ingefika vilevile. Kosa lake lilikuwa la hesabu. Magunia aliyajua, miaka akajitungia.

Chanzo cha kisa chenyewe ni mirathi. Mtu mmoja katikati ya umati alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, Yesu akakataa kuwa mgawanyaji, ndipo akawasimulia habari za tajiri. Kwa hiyo swali la “vitakuwa vya nani” halikuulizwa hewani. Jibu lake lilikuwa limesimama palepale, ndugu wawili wanaogombania vya marehemu. Aliyewahi kukaa kikao cha ukoo siku ya kumaliza msiba, shamba na ng'ombe vikianza kutajwa kabla vyombo vya chakula havijaondolewa, hahitaji kufafanuliwa.

Karibu mwaka 369, huko Kaisaria ya Kapadokia, Uturuki ya leo, ukame ulileta njaa kali. Basili, aliyekuja kuwa askofu wa mji huo, alikihubiri kisa hiki kwa wenye nafaka. Msingoje njaa ndipo mfungue ghala, aliwaambia. Ghala mnazo tayari, nyumba za maskini.

Sasa tuje Kibaigwa, hukohuko Kongwa, kwenye soko la mahindi. Anayenunua Julai bei ikiwa chini, akauza Februari watu wakiwa hawana kitu, ni yule tajiri? Kwa maoni yangu, si kwa hilo peke yake. Kutunza mahindi ni gharama: pango la ghala, dawa, na dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anayeweza kukuachia gunia la unga na maganda. Bila watu wa kutunza, Februari soko lingekuwa tupu. Methali 11:26 inasema azuiaye nafaka watu watamlaani, lakini anayebarikiwa katika mstari huohuo ni auzaye, wala haidai agawe bure.

La kumuuliza mfanyabiashara ni anafungua lini, na anapima vipi. Mtazame akinunua kwa mkulima: debe linatikiswa, linagongwa chini nafaka ishuke, linaongezwa, juu linafanywa kichuguu. Gunia nalo linashonewa kilemba, lumbesa, ingawa serikali imeipiga marufuku. Akigeuka kuuza, debe lilelile linajazwa taratibu, bila kuguswa, na juu linapitishwa kijiti. Luka 6:38 inataja kipimo cha kujaa, kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Hicho ndicho kipimo anachonunulia. Yesu alikuwa anazungumzia kutoa.