Je, wajua kwa nini mchekeshaji wa simu hupoa akiingia kwenye TV?

Sote tunamjua kijana wa namna hii. Yuko Wete, au Kwamtipura, ana simu moja, khanga ya mamake na kofia ya kiua. Akijitanda khanga ni mama mtu. Akivaa kofia ni sheha. Akivua vyote viwili ni mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila ya chenji. Dakika haijesha umecheka mara tatu, na klipu ushamrushia shoga yako. Mwaka haupiti unasikia kachukuliwa na televisheni: kapewa nafasi kwenye tamthilia, na juu yake kipindi cha Jumamosi cha kuzungumza na wageni. Nyumba nzima inajikusanya kumtazama. Hachekeshi. Kakaa kitini kama mtu aliyekwenda kuposa.

Jawabu ya haraka barazani huwa ni kwamba jina limempanda kichwani. Mimi siikubali. Wengi wao wanaingia studio wakitetemeka, na wanafanya bidii kuliko walivyowahi kufanya nyumbani. Tatizo liko kwenye kazi yenyewe, na sehemu yake kubwa iko kwenye ile khanga.

Tazama tunachokicheka hasa. Maneno ya mama wa kwenye klipu ni ya kawaida, kila mama wa Kizanzibari anayasema: “Ngoja baba yako arudi.” Tunachokicheka ni ndevu zinazochungulia chini ya khanga, na zaidi ya ndevu, ile raha ya kumuona mtoto anavyomfahamu mamake mpaka namna anavyovuta pumzi kabla ya kugomba. Ni kuiga. Sasa mwongozaji wa tamthilia, kwa nia safi kabisa, anasema: hapa tuna bajeti, tutamleta mama wa kweli. Analetwa mwigizaji hodari, anajitanda khanga yake vizuri, anasema maneno yale yale. Kichekesho kimezikwa. Kijana amebakishiwa sehemu ya mtoto tu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa kazi yake kuulizwa na kunyamaza.

Kisha kuna suala la kasi. Kwenye simu anajibizana na nafsi yake, na baadaye anakaa na kuhariri: kila pumzi kaikata, kila kimya kakitupa, jibu linaligonga swali kabla halijatua. Ile kasi tunayoisifu kuwa ni ulimi wake, nusu yake ni mkasi. Mbele ya mwigizaji mwengine hana mkasi. Inabidi amsikilize mwenzake, angoje, apokee neno lililokuja taratibu kuliko alivyotegemea, na uso wake uendelee kuwa hai wakati yeye hasemi kitu. Kusikiliza mbele ya kamera ni fani ambayo simu haimfundishi mtu, kwa sababu kwenye simu anayesikiliza anakatwa.

Halafu tamthilia hairikodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mazishi yanapigwa asubuhi, posa iliyotangulia mazishi inapigwa alasiri, kwa sababu nyumba imekodiwa siku moja na kila kinachotokea ndani yake kimalizwe siku hiyo. Kifungo kilichokuwa wazi kiwe wazi tena, jasho liwe pale pale, na hasira ianze katikati. Aliyezoea kuanza klipu saa kumi uani kwao na kuimaliza kabla ya Magharibi, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, hapo anapotea.

Hata mikono inamsaliti. Picha ya simu imesimama wima na uso ndio uliojaa. Ya televisheni imelala, inaonesha kiti, meza, miguu na vile vidole vinavyochezea ncha ya shati. Waliokulia jukwaani wanajua pa kuiweka mikono. Huyu hakuwahi kuhitaji.

Lakini hata akijifunza yote hayo, linabaki la sebuleni, na hili kwetu ndilo zito. Klipu ya simu unaitazama peke yako, umelala ubavu, umeweka vidude vya masikioni. Ukicheka, hapana anayekuuliza umecheka nini. Televisheni inatazamwa baada ya Isha, au mwezi wa Ramadhani watu wameshatoka Tarawehe, na hapo yupo baba, yupo wifi, pengine yupo na mkwe aliyekuja kutembea. Mzaha ule ule wa mume anayemkimbia mkwewe, uliokuchekesha mchana ukiwa peke yako, usiku unaufanya uso wako utazame dari. Kijana analijua hilo kabla hajaambiwa. Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji inayosimamia vituo, na ina BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, lakini nionavyo mimi mkaguzi mkali kuliko wote ni picha ya mkwe aliyonayo mchekeshaji kichwani mwake. Anajikata mwenyewe neno kwa neno, akimaliza amebakiwa na salamu.

Na lugha inafuata mkumbo huo huo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Uamuzi ulipitishwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisanifu ikaanza kazi 1930. Kwa hiyo mchekeshaji wa Ng’ambo, pale pale mjini Unguja, akipewa maikrofoni hasafiri mbali. Wa Micheweni, wa Makunduchi au wa Tumbatu anavuka bahari. Kwenye simu lahaja yake ndiyo iliyokuwa chumvi. Mwambie “tunaingia hewani” utamsikia anazungumza kama taarifa ya habari ya saa mbili. Hapana aliyemwamuru. Masikio yake yamelelewa kuamini kwamba TV ina lugha yake, na lahaja yake yeye ni ya nyumbani.

Utangazaji nao ni kazi nyengine kabisa, ingawa vituo vingi vinaiunganisha na uigizaji kana kwamba ni kitu kimoja. Mtangazaji ana sauti ya mwongozaji sikioni inayomwambia zimebaki sekunde arobaini, ana mgeni mbele yake, ana swali linalofuata kichwani, na juu ya yote hayo anatakiwa mgeni ndiye ang’are. Mchekeshaji wa simu ni sultani wa dakika moja. Leo anaambiwa awe mwenye nyumba: akaribishe, amimine chai, kisha arudi nyuma.

Mfano ulio wazi uko mbali, Marekani. Lilly Singh, Mkanada mwenye asili ya Punjab, alianza YouTube mwaka 2010, na moja katika mambo yaliyompa jina ni kuwaigiza wazazi wake, baba na mama, yeye mwenyewe. Khanga ile ile, kwa lugha nyengine. Septemba 2019 kituo cha NBC kilimpa kipindi cha usiku wa manane: meza, studio, watazamaji wa kupiga makofi. Msimu wa pili, Januari 2021, wakaihama studio na kwenda kurikodi ndani ya nyumba. Mimi nalisoma hilo kama jaribio la kumrudisha alikotoka. Katikati ya mwaka huo huo kipindi kikamalizika.

Waliovuka salama walivuka kwa mlango mwengine. Huko huko Marekani, Issa Rae aliweka video zake YouTube mwaka 2011. Kituo cha HBO kilirusha tamthilia yake 2016. Quinta Brunson alijulikana kwa vipande vifupi vya Instagram mwaka 2014, akafanya kazi katika kampuni ya mtandaoni ya BuzzFeed, na Disemba 2021 kituo cha ABC kikaanza kuonesha tamthilia yake ya walimu wa skuli moja ya Philadelphia, mji aliozaliwa, ambako mamake alikuwa mwalimu. Mwaka 2022 akatunukiwa tuzo ya televisheni ya Emmy kwa uandishi. Tazama miaka hiyo: mitano kwa mmoja, saba kwa mwengine. Na wote wawili walikwenda na kalamu mkononi. Waliandika wenyewe, wakaamua wenyewe nani awe nani. Kijana wetu mara nyingi anaitwa Jumatatu, anapewa skripti ya mtu mwengine Jumatano, na Ijumaa yuko mbele ya kamera.

Utauliza, basi kwa nini anakwenda? Na TV inamtakia nini? La TV ni jepesi: watazamaji vijana wamehama na simu zao, na kituo kinatumai kumchukua yeye ili wamfuate. Si aibu ndogo kwa visiwa vilivyotangulia. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati ndugu zetu wa Bara walingoja kituo chao cha kwanza hadi 1994. Kuna wazee waliokuwa wakitembea kijiji hadi kijiji kulifuata sanduku hilo. Leo sanduku ndilo linalowafuata watu.

Kwa kijana, fedha ipo lakini si ya mshahara wa kituo. Ni ya yale yanayokuja nyuma yake: tangazo la duka, kualikwa kuongoza sherehe, kuitwa kwenye hafla akakaa viti vya mbele. Lipo na jengine ambalo hasemi. Wakati wa klipu, mamake akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani alijibu, “Ah, yupo yupo tu na simu yake.” Siku alipotokea kwenye TV, alipiga simu Pemba nzima.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliopigiwa, si na mama huyo lakini na jirani aliyepigiwa naye. Tulikaa pamoja kumtazama kijana. Suti nzuri, kadi mkononi, Kiswahili kimenyooka kama rula. Shangazi alitazama nusu saa nzima bila ya kusema neno. Yalipoingia matangazo ya biashara akanigeukia.

“Na yule mama yake,” akauliza, “mbona leo hawakumleta?”