Kopi chache za laivu sio korosho ya kusubirisha bei

Juzi kaja mwingine tena. Kaleta santuri mbili za laivu, yaani zilizorekodiwa jukwaani, za King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, kava lina namba ya kopi, nailoni ya kiwandani haijaguswa tangu shemeji yake amletee toka Uingereza, na shida yake moja tu, "fundi, hii kwa sasa inaenda bei gani?" Mimi hapa Mtwara natengeneza pleya na kubadilisha sindano, bei za santuri sijui nani kaniteua nizipange.

Haya, tuanze na hilo maana ndo linanichosha. Watu wanaamini toleo likiandikwa kopi chache basi ni kiwanja cha Shangani, we kaa tu litapanda. Uchache peke yake hauna bei jamani, mpaka awepo anayeitafuta. Bendi za progresivu roki, ile roki ya nyimbo ndefu ndefu, zilizoanza miaka ya 60 mwishoni zina mashabiki wao wale wale wa kufa na kuzikana, wanajulikana, ndo maana zinatoa kopi kidogo, kiwanda kinataka hela kwanza na hakuna anayetaka stoo ijae mzigo uliododa. Alafu kanda ya shoo haiishi! King Crimson walifungua klabu ya wakusanyaji 1998, wanachama wakawa wanapelekewa shoo za zamani, baadaye wakaanza kuuza shoo za kupakua mtandaoni, na 2013 likaja boksi la The Road to Red, diski 24, shoo za Marekani za 1974 zimejazwa humo. Sasa we uliyeficha yako uvunguni ukijua dunia nzima inaililia, mwenzio kashapakua anasikiliza anakunywa uji.

Na huo uvungu wenyewe! Mkulima wa Tandahimba anajua korosho ikilala pabaya inavuta unyevu na daraja linashuka, ila huyo huyo santuri anailaza chini kwenye sakafu, kava zinaota ukungu, joto la huku nalo halina dogo, ile nailoni inabana kava mpaka santuri inapinda. Za yule bwana ukizishika tu unajua zimeshapinda na hajazisikiliza hata siku moja. Toa nailoni. Simamisha santuri kama vitabu, mbali na ukuta unaopigwa jua, na usiziache kwenye gari hata kama unaingia sokoni mara moja. Alafu ipige, si ndo kazi yake?

Lingine, eti laivu ni kile kile kilichopigwa usiku ule, hakijaguswa. Wapi. USA, ya hao hao King Crimson, ilitoka 1975, kuna nyimbo humo fidla na piano karudia Eddie Jobson studio, wakati aliyekuwa jukwaani ni David Cross. Na Starless and Bible Black ya 1974, ambayo wateja wangu wanabisha kabisa kwamba ni ya studio, sehemu kubwa imerekodiwa kwenye shoo, kelele za watu wakazifuta. Mi sioni kosa, ila msije hapa kubishana kuwa "hii ndo sauti halisi".

Eti namba ndogo ina sauti nzuri zaidi. Namba inapigwa kwenye kava, sindano haisomi kava.

Eti nyimbo ndefu ni kujaza nafasi. Close to the Edge ya bendi ya Yes ina dakika 18 na kitu, imekula upande mzima wa santuri, na upande ukizidi sana dakika 20 sauti inaanza kupungua nguvu. Hapo nafasi ya kujaza iko wapi?

Yule bwana santuri zake bado ziko kwangu, nimezisimamisha. Jana nimempigia aje azichukue, kaniuliza kama mnunuzi kashapatikana.