Zahanati Inajengwa, Muuguzi Haajiriwi

Ukimwambia muuguzi wa Kenya aingilie siasa, atadhani unamtaka avae fulana ya chama na kudandia gari la kampeni. Wengi wana jibu tayari: "Mimi ni mtumishi wa umma, siruhusiwi." Jibu hilo ni kweli nusu. Sheria ya Vyama vya Siasa inamzuia mtumishi wa umma kushika wadhifa chamani au kutangaza hadharani anamuunga nani mkono, na anayetaka kugombea kiti sharti ajiuzulu miezi 6 kabla ya uchaguzi. Lakini hakuna sheria inayomzuia kusoma bajeti ya kaunti yake na kuiandikia maoni. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na cha 196 kinalibana bunge la kaunti vivyo hivyo.

Nimekuwa muuguzi wa vituo vya umma kwa miaka mingi, na siku hizi muda wangu mwingi naupoteza (mume wangu ndiye asemaye "naupoteza") kwenye makaratasi ya bajeti ya afya. Swali ninaloulizwa sana na wenzangu ni hili: inakuwaje kaunti haina pesa za kuajiri muuguzi, na kila mwaka gavana anakata utepe wa zahanati mpya?

Si uchoyo tu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kanuni za 2015 zikaongeza kizuizi upande wa pili: mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi ziko juu ya hapo tayari. Sasa jengo linahesabiwa kuwa maendeleo. Muuguzi anahesabiwa kuwa mshahara. Kaunti ikijenga, inajisogeza karibu na sheria. Ikiajiri, inajitafutia maswali ya wakaguzi. Ongeza hapo mwakilishi wadi, ambaye jina lake litachongwa kwenye bamba la ukutani. Muuguzi wa zamu ya usiku hachongwi popote.

Matokeo yake unayakuta kijijini: zahanati yenye rangi mpya na muuguzi mmoja. Huyo mmoja ndiye anayepima wajawazito, anachanja watoto, anafunga vidonda, anatoa dawa dirishani, kisha jioni anajaza rejista. Akienda kuchukua chanjo makao makuu ya kaunti ndogo, mlango unafungwa kwa kufuli, na mama aliyetembea na mtoto mwenye homa anasoma karatasi iliyobandikwa kwamba sista atarudi kesho.

Njia tunayoijua vizuri ya kupambana na hali kama hii ni mgomo, na sitaudharau, kwa sababu kifungu cha 41 cha Katiba kinatupa haki hiyo na kuna mambo ambayo yasingesikika bila mgomo. Lakini tazameni ule wa 2017. Ulianza tarehe 5 Juni na ukaisha tarehe 2 Novemba, miezi mitano ambayo wagonjwa waliteseka na wauguzi wengi waliishi kwa mikopo. Ulimalizwa kwa makubaliano ya kurudi kazini yenye nyongeza ya marupurupu. Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa wakagoma tena, safari hii wakidai walipwe yale yale waliyoahidiwa 2017. Sahihi ilikuwepo. Pesa hazikuwepo, kwa kuwa katika kaunti hizo ahadi haikuwa imegeuzwa kuwa mstari wa bajeti. Tangu afya igatuliwe, karatasi inayotiwa sahihi Nairobi inapaswa kupita katika mabunge ya kaunti 47, na huko chama chetu cha wauguzi hakiwezi kufika peke yake kila mahali.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu washike kalenda kabla ya bango. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia tarehe 28 Februari hufuata taarifa ya mkakati wa fedha, na hii ndiyo karatasi ya kuogopa, maana humo ndimo kila idara hupangiwa kiwango cha juu cha pesa itakazopata. Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio yenyewe ya bajeti huja kufikia tarehe 30 Aprili, na ifikapo mwisho wa Juni yawe yamepitishwa. Wauguzi wengi wanaojitokeza huja Mei, wakati bajeti iko magazetini. Wamechelewa. Mei unaweza kuhamisha shilingi ndani ya idara ya afya; kuiongezea idara yenyewe ni shughuli ya Februari.

Na mkija, msije na "tunaomba wauguzi zaidi". Kila idara inaomba watu zaidi. Chukua rejista ya uzazi, ile MOH 333, uhesabu akina mama waliojifungua usiku kwa miezi mitatu iliyopita, na wangapi walihudumiwa na muuguzi aliyekuwa peke yake zamu nzima. Chukua fomu ya MOH 717 mnayoituma kila mwezi, uonyeshe idadi ya wagonjwa. Weka kando yake viwango vya wafanyakazi ambavyo Wizara ya Afya yenyewe ilivitoa 2014. Halafu taja programu ipi ya bajeti iongezwe na ipi ipunguzwe. Hapa ndipo watu huogopa, kwa sababu kutaja cha kupunguza ni kumgusa mtu. Mimi huandika wazi: jengo la zahanati ya pili wadi hii lisubiri mwaka mmoja, ile ya kwanza ipate muuguzi wa pili. Takwimu hizi ni zetu, tunazijaza kwa mikono yetu kila siku, na kwenye mikutano ya bajeti huwa zinasomwa na mhasibu ambaye hajawahi kuingia leba.

Sheria yenyewe hubadilika pia. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilikusanya pesa za wagonjwa zikazipeleka kwenye mfuko mkuu wa kaunti, na wodi ikabaki inaazima glavu. Sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 inaruhusu vituo kubaki na mapato hayo na kuyatumia. Kama kituo chenu bado kinakaa bila glavu, muulizeni msimamizi mpango wa matumizi uko wapi na nani aliuidhinisha. Ana wajibu wa kuwajibu.

Kikwazo kikubwa ni cha kawaida kabisa. Vikao vya maoni ya umma huitwa siku ya kazi asubuhi, mara nyingi kwa tangazo la siku chache, na muuguzi yuko zamu. Wanaofika ni wenye nafasi, nao huomba barabara na kisima. Kwa hiyo kwenye kundi lenu la WhatsApp mteueni mmoja wa kuchungulia tovuti ya kaunti kila wiki kuanzia Januari, mwingine akubali kumshikia zamu siku ya kikao. Asiyeweza kufika atume maoni kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.